Lugha ya Programu za Mazoezi ya Hesabu: Amekosea Mtoto au Imekosea Mashine?

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, mwaka ambao Baraza la Kiswahili la Taifa nalo liliundwa kwa sheria, kazi ya kuunda na kusanifisha istilahi za hesabu imekuwa ikifanywa kwa kuvitazama vitabu. Tuliulizana neno hili liandikweje, lile lifafanuliweje, na mwalimu alipokutana nalo kitabuni alilieleza kwa watoto kwa maneno yake mwenyewe. Siku hizi limezuka jambo jipya ambalo halipitii mikononi mwa mwalimu. Hilo ni programu za mazoezi ya hesabu, ambazo mtoto huulizwa swali na mashine, hujibu, na mashine hiyohiyo humwambia kama amepata au amekosa. Makala haya yanakusudia kuichunguza lugha ya programu hizo, na kuonyesha kwamba lugha hiyo ni sehemu ya hesabu yenyewe. Ikiharibika lugha, huharibika na hukumu.

Wazo la kumpa mtoto mazoezi ya hesabu kwa mashine si geni. Tangu miaka ya 1960 Patrick Suppes wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, pamoja na wenzake, walipeleka mazoezi ya namna hiyo katika shule za msingi kwa mashine za kuchapa zilizounganishwa na kompyuta kwa nyaya za simu. Lililo geni kwetu ni kwamba mashine hizo sasa zimefika vijijini, na zinasema Kiswahili. Hapana budi tukiangalie Kiswahili hicho.

Tuliyoyaona Kibakwe

Tulikaa dawati la nyuma katika darasa la pili la shule moja ya msingi huko Kibakwe, wilayani Mpwapwa. Darasa lilikuwa na kishikwambi kimoja tu, nacho kilikuwa cha mwalimu, miongoni mwa vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 na baadaye wakagawiwa walimu. Programu ya mazoezi ilikuwa imepakuliwa mjini Mpwapwa, kwa kuwa mtandao wa hapo shuleni haukuwa wa kutegemewa. Watoto walikaa kwa makundi, kila mmoja akingoja zamu yake kwa hamu ambayo mwalimu yeyote angeitamani.

Swali lililotokea kwenye kioo lilikuwa hili: "Kuna mbuzi 5. Mbuzi 3 wameondoka. Imebaki mbuzi ngapi? Andika kwa maneno." Msichana mmoja aliandika bila kusita: "wawili". Ikatokea alama nyekundu, na sauti ikasema: "Si sahihi. Jibu ni mbili."

Mtoto yule alitazama kioo, akamtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa darasa akisahihisha madaftari, wala hakusikia. Maswali yaliyofuata yalikuwa ya watoto, ya miti na ya vikapu, na kila mara msichana yule aliandika kama mashine ilivyotaka: mbili, tatu, tano. Alama zote zikawa za kijani. Kipindi kilipokwisha tulimwuliza kwa mdomo, katika lile swali la mwanzo mbuzi wangapi walibaki. Alifikiri kidogo, kisha akajibu: "Mbuzi mbili."

Hatutaki kulikuza jambo hili kupita kiasi, lakini hatuwezi pia kulipuuza. Mtoto huyu aliingia darasani akijua hesabu na akijua Kiswahili. Alitoka akiwa bado anajua hesabu, ila Kiswahili chake kilikuwa kimesahihishwa na mashine kikawa kibovu. Tena lugha anayoisema nyumbani, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, nayo huipatanisha idadi na jina la kitu kinachohesabiwa. Kwa hiyo mashine ile ilimfundisha jambo ambalo si la Kiswahili na wala si la nyumbani kwao.

Kasoro ya kwanza: sentensi za viraka

Kosa la namna hii lina chanzo kinachoeleweka. Mtungaji wa programu haandiki maswali elfu moja. Huandika sentensi moja yenye nafasi tupu, moja ya jina la kitu na nyingine ya idadi, na mashine huzijaza nafasi hizo kila mara kwa jina jipya na idadi mpya. Katika Kiingereza njia hii haileti taabu kubwa, kwa sababu neno la idadi halibadiliki likihesabu mbuzi au miti. Sentensi hiyo ikitafsiriwa kwa Kiswahili huku nafasi zake zikiachwa kama zilivyokuwa, mashine hutoa "miti mbili", "vitabu tatu", na "maembe ngapi".

Sarufi yetu katika jambo hili si ngumu, nayo yaweza kuelezwa kwa maneno machache:

(a) Katika namba moja hadi kumi, zinazopokea kiambishi cha upatanisho ni sita tu: moja, mbili, tatu, nne, tano na nane. Twasema watoto wawili, vitabu viwili, miti miwili, maembe mawili, nyumba mbili.

(b) Sita, saba na tisa, ambazo asili yake ni Kiarabu, pamoja na kumi, hazipokei kiambishi. Twasema watoto sita, miti sita, maembe sita.

(c) Katika namba zinazozidi kumi, namba ya mwisho hufuata kanuni hiyohiyo: miti kumi na miwili, watoto ishirini na mmoja.

(d) Neno la kuulizia idadi, yaani -ngapi, nalo hupatana na jina: watoto wangapi, vitabu vingapi, maembe mangapi.

(e) Majina ya wanyama, hata yale ambayo umbo lake halibadiliki katika wingi, kama mbuzi na ng'ombe, hupatanishwa kama majina ya watu. Kwa hiyo ni mbuzi wawili, wala si mbuzi mbili.

Jedwali lenye namba hizo sita na neno -ngapi upande mmoja, na ngeli za majina upande wa pili, linaenea katika ukurasa mmoja. Mtungaji akipewa jedwali hilo na kila jina likatiwa alama ya ngeli yake, mashine itasema sawasawa. Vilevile yafaa mashine ifundishwe kupokea "wawili" na "2" na hata "mbili" kuwa majibu sahihi pale inapopimwa hesabu, na isiwahukumu watoto kwa sarufi ambayo yenyewe haiijui.

Kasoro ya pili: maneno yanayogongana

Kasoro ya pili ni ya istilahi hasa, na hapa lawama si ya watungaji wa programu peke yao. Istilahi nyingi za hesabu zimechukuliwa kutoka katika maneno ya kawaida, na hiyo ni njia njema ya kuikuza lugha. Lakini neno likiwa na kazi mbili, ya mtaani na ya darasani, lazima sentensi iseme wazi ni kazi ipi inayokusudiwa. Tutaje mifano michache tuliyokutana nayo katika mazoezi ya programu mbalimbali.

Neno sehemu. Programu yaonyesha duara lililogawanywa mara nne, robo yake moja imetiwa rangi, kisha yauliza: "Sehemu gani imetiwa rangi?" Mtoto aliyejibu "ya juu" hakukosea, kwa maana ndiyo sehemu iliyotiwa rangi. Lililotakiwa ni moja ya nne. Swali lingalikuwa, "Rangi imetiwa katika sehemu ngapi kati ya sehemu zote nne?" pasingalikuwa na utata.

Maneno zidi na zidisha. "Namba gani inazidi 7 kwa 2?" Jibu ni 9. Watoto wengi hujibu 14, kwa kuwa katika masikio yao zidi imekwisha kufungamana na zidisha. Mwalimu huligundua jambo hili mara moja na kusema, "Ni kubwa kuliko 7 kwa 2." Mashine haigundui. Huandika kwamba mtoto hajui kujumlisha, na kumrudisha nyuma akarudie mazoezi ambayo alikuwa ameyaweza.

Maneno mara mbili zaidi. "Asha ana karanga 4. Juma ana mara mbili zaidi ya Asha." Je, Juma ana 8 au 12? Wasemaji wazuri wa Kiswahili hawakubaliani, na programu haina haki ya kuwahukumu watoto kwa jambo ambalo wakubwa hawajapatana. Yatosha kusema, "Karanga za Juma ni mara mbili ya karanga za Asha."

Maneno kiasi na asili. Katika hesabu za sehemu, namba ya juu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Hizi ni istilahi zilizokwisha kuzoeleka shuleni. Lakini programu inaposema tu "Andika kiasi" chini ya swali lenye fedha, mtoto huandika jumla ya shilingi, na kwa Kiswahili cha dukani yuko sahihi. Istilahi hizi ziitwe kwa ukamilifu wake, yaani kiasi cha sehemu na asili ya sehemu, mpaka mtoto azizoee.

Maneno namba, nambari na tarakimu. Programu zinazotungwa kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima hutumia nambari mahali ambapo vitabu vyetu vya hesabu husema namba. Hilo si kosa, nao watoto hulielewa upesi. Kosa ni kutumia tarakimu kana kwamba ni kisawe cha namba. Tarakimu ni alama zile kumi, kuanzia 0 hadi 9. Namba 352 ina tarakimu tatu. Tuliona zoezi lililosema, "Chagua tarakimu kubwa kuliko 9." Tarakimu ya namna hiyo haipo duniani, na mtoto aliyeshika vizuri somo la mwalimu wake ndiye angalipata taabu zaidi kulijibu.

Kasoro ya tatu: saa

Kasoro ya tatu ni kubwa kuliko zote, kwa sababu haionekani kwa anayesoma tafsiri peke yake. Katika Kiswahili saa huhesabiwa tangu jua linapochomoza. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7 asubuhi, twasema saa moja. Ukiwa kwenye 1 mchana, twasema saa saba. Tofauti kati ya kinachoonwa na kinachosemwa ni 6 daima, na mtoto wa Kibakwe huijua tofauti hiyo kabla hajaanza shule, kwa kuwa ndivyo watu wa nyumbani wanavyosema.

Programu iliyotafsiriwa neno kwa neno huonyesha saa ya ukutani, mshale mfupi kwenye 7 na mrefu kwenye 12, ikauliza: "Ni saa ngapi?" Mtoto hugusa "saa moja". Mashine husema amekosea, na jibu sahihi ni "saa saba". Sentensi hiyo haina kosa la sarufi wala la istilahi. Mfasiri akiipitia kwenye karatasi ataipitisha. Ila mtoto akiishika kama alivyofundishwa, na akaambiwa basi la Dodoma linaondoka saa moja asubuhi, atafika kituoni mshale ukiwa kwenye 1, saa sita baada ya basi kuondoka.

Zipo njia mbili za kuliondoa tatizo hili. Ama programu ifuate hesabu ya saa ya Kiswahili, jambo ambalo ndilo linalofaa kwa madarasa ya mwanzo, ama ifundishe waziwazi kwamba kuna hesabu mbili za saa, na kumpa mtoto kanuni ya 6. Njia ya pili ni zoezi zuri la kujumlisha na kutoa. Lisilokubalika ni kumhukumu mtoto kwa hesabu ya saa ambayo hakuambiwa kwamba ipo.

Jina la kitu chenyewe

Yafaa pia tuseme machache juu ya jina. Wengi huziita "programu za mtandaoni". Jina hili ladanganya, kwa maana ile tuliyoiona Kibakwe ilifanya kazi bila mtandao baada ya kupakuliwa, na hiyo ndiyo hali ya shule nyingi za vijijini. Mzazi akisikia "mtandaoni" hudhani kwamba bila mtandao mtoto wake hana lake. Twapendekeza jina "programu ya mazoezi", na neno mtandaoni liongezwe tu pale ambapo mtandao hauna budi kuwapo.

Neno bofya nalo latakiwa kutazamwa. Asili yake ni kuminya kwa kidole, kama mtu anavyobofya tunda ili ajue kama limeiva, nalo lilifaa kwa vitufe vya kompyuta. Kioo cha kishikwambi hakiminywi. Tuliona mtoto aliyeambiwa "bofya jibu" akikandamiza kioo kwa kidole gumba hata jibu likakataa kuchaguliwa. "Gusa" latosha, na kila mtoto analijua.

Kwamba yawezekana

Tusije tukaeleweka kuwa tunazipinga programu hizi. Mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kusahihisha kila daftari kila siku, ilhali mashine humjibu kila mtoto papo hapo. Tena tunao ushahidi, hapahapa nchini, kwamba zikitungwa kwa Kiswahili zaweza kufanya kazi kubwa. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, programu tano zilizofika fainali zilijaribiwa mkoani Tanga kwa muda wa miezi 15, tangu mwishoni mwa mwaka 2017, kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto wapatao 2,700 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu, zote katika Kiswahili, na vishikwambi hivyo vilichajiwa kwa umeme wa jua. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Jaribio lilipokwisha, idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu, na katika kuhesabu nako walikuwa wamepiga hatua. Mwezi Mei mwaka 2019 programu za Kitkit School na onebillion zilitangazwa kuwa washindi kwa pamoja.

Hatudai kwamba ushindi huo uliletwa na usanifu wa lugha peke yake. Tunasema tu kwamba mtoto wa kijijini aliwezeshwa kujifunza kwa lugha anayoielewa. Jambo jingine la kutia moyo ni kwamba programu zilizofika fainali ziliwekwa wazi, ili yeyote aweze kuzichukua na kuzirekebisha. Basi mlango wa kusahihisha lugha upo, na sisi tulio katika kazi ya istilahi hatuwezi kusema tumefungiwa nje.

Wako wanaosema kwamba taabu hii yote ingekwisha kama watoto wangepewa programu za Kiingereza zilizo tayari. Tunawajibu kwamba mtoto wa darasa la pili katika shule ya Serikali hujifunza hesabu kwa Kiswahili. Akipewa swali kwa Kiingereza atapimwa Kiingereza chake kwanza, na mashine itaandika kwamba hajui hesabu. Kosa litakuwa lilelile tulilolilalamikia, ila litakuwa kubwa zaidi.

Lawama yetu na mapendekezo

Yatubidi sasa tujitazame wenyewe. Kwa miaka mingi tumetoa orodha za istilahi, na tangu miaka ya 1970 vijitabu vya Tafsiri Sanifu vimefanya kazi ya heshima. Lakini orodha zetu ni za maneno, na aghalabu ni za majina. Hazimwambii mtungaji wa maswali jinsi neno linavyokaa katika sentensi. Tumempa kigawanyo na kizidisho, hatukumpa "miti miwili". Mtungaji aliyefuata orodha yetu neno kwa neno bado angeweza kuandika kila kosa tulilolitaja humu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, Baraza litoe kijitabu cha sentensi za mfano za maswali ya hesabu kwa madarasa ya mwanzo, pamoja na jedwali la upatanisho. Pili, programu zinazoingizwa mashuleni zipitiwe lugha yake kama vinavyopitiwa vitabu, na upitiaji huo ufanywe kwa kuitumia programu yenyewe, si kwa kusoma orodha ya tafsiri; saa ya ukutani isingegunduliwa kwa njia nyingine. Tatu, kila programu iwe na mahali pa mwalimu kuandika, "Hapa mtoto hakukosea." Nne, majaribio ya lugha yafanywe vijijini pia, penye watoto ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili, kwa kuwa hao ndio wanaoamini zaidi yale wanayoambiwa na mashine.

Tulipoondoka Kibakwe tulimweleza mwalimu habari ya "wawili" na "mbili". Siku ya pili yake asubuhi, kabla hajawasha kishikwambi, aliandika ubaoni mbuzi wawili, miti miwili, vikapu viwili, akawaambia watoto kwamba jana mashine ilikosea. Darasa zima lilicheka kwa furaha. Yule msichana hakucheka mara moja. Kwanza aliusoma ubao wote, kisha akafungua daftari lake akaunakili. Mwalimu huyo amefanya sehemu yake. Iliyobaki ni yetu.